Amejipata, halafu?

Mtaani siku hizi mtu akinunua gari au akihamia nyumba yenye geti la umeme, tunasema amejipata. Ambaye bado anagombania daladala na kulipa kodi ya chumba miezi mitatu mitatu, huyo anajitafuta. Neno limekaa mdomoni vizuri kiasi kwamba hatulishangai. Kilichopatikana ni pesa, lakini tunasema kilichopatikana ni mtu.

Sina ugomvi na vijana waliolileta. Lina ucheshi wake, na wengi wanaolitumia wanajua wanatania. Ila limefunga fundo moja mambo mawili: kufanikiwa kazini, na kujua unaishi kwa ajili ya nini. Katika miaka ya ajira mambo hayo hutembea pamoja kila siku, na mtu hana sababu ya kujiuliza lipi ni lipi. Unakuja kuliona fundo siku yanapoachana: ukipunguzwa kazini, kampuni ikifungwa au, kwa waliobahatika kufika huko, ukistaafu.

Baba mkubwa wangu alistaafu akiwa na miaka 60, kwa mujibu wa sheria, akiwa mkuu wa kitengo cha ugavi katika idara moja ya serikali. Aliagwa vizuri. Kulikuwa na keki, hotuba, jokofu la milango miwili, na picha yake kwenye fremu kubwa kiasi kwamba haikuingia kwenye gari dogo, ikabidi irudi na gari la ofisi, lile lenye namba za STK, ambalo siku hiyo lilikuwa linamfikisha nyumbani kwa mara ya mwisho. Wakahamia Mombo, kwenye nyumba waliyoijenga tofali kwa tofali tangu miaka ya tisini.

Nilikaa kwao wiki mbili, mwezi wa pili tangu astaafu. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaamka. Anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa sebuleni, anaweka simu mbili juu ya stuli, vioo juu. Moja ya nyumbani, moja ya kazini. Ya kazini katika wiki zote mbili iliita mara moja. Kijana aliyebaki ofisini alikuwa anauliza ufunguo wa kabati la leja uliwekwa wapi. Ufunguo ulikuwa kwenye droo, jibu la sekunde tano. Baba mkubwa alilieleza kwa dakika ishirini, akaeleza na historia ya kabati lenyewe, na alipokata simu akatoka nje kuzunguka uwanja akipiga mluzi. Usiku, kama kawaida, alichaji simu zote mbili.

Mama mkubwa hakuwahi kuwa na cheo. Alishona sare za shule, akauza vitumbua, akalea. Lakini wiki zile mbili yeye ndiye hakupatikana nyumbani. Alhamisi ni kikoba. Sanduku lao la chuma lina makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mmoja wao ni yeye. Nilimwona Alhamisi moja anatoka na homa, kajifunga kanga mbili, kwa sababu wanawake zaidi ya ishirini walikuwa chini ya mwembe na bila yeye hakuna hisa itakayonunuliwa wala mkopo utakaotoka. Ukiwa na msiba mtaani, kabla hata turubai halijafungwa, yeye ndiye anaulizwa watu mia mbili wanakula kilo ngapi za mchele.

Watu wawili, nyumba moja, pensheni moja, jokofu moja. Mmoja siku zilikuwa zinamfia mkononi, mwingine hazikumtosha. Nani kati yao alikuwa amejipata?

Tabia hii ya siku kumfia mtu mkononi imeshachunguzwa, na uchunguzi uliolielezea vizuri zaidi ni wa zamani. Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa kati ya 1929 na 1930, na sehemu kubwa ya familia zikabaki bila kazi kwa wakati mmoja. Kundi la watafiti vijana, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuyachunguza maisha yao, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Walipima hata mwendo. Mmoja alijibanza dirishani na saa mkononi, akahesabu watu wanavyopita barabara kuu. Wanaume walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake walipita haraka, maana nyumbani kazi haikuwa imefungwa: chakula kilikuwa kinasubiri, nguo zilikuwa zinasubiri. Wanaume wengi walikuwa wameacha kuvaa saa.

Nenda kwenye maktaba ya kijiji hicho uone jambo la ajabu zaidi. Ungetarajia kwamba watu wenye siku nzima mikononi watasoma. Ada ya kuazima ilikuwa imefutwa kabisa, na bado vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu. Walipoombwa waandike walivyoitumia siku, mmoja wa wanaume alijaza mambo machache ya asubuhi, kisha akaandika tu kwamba katikati ya hayo mchana ukafika. Ndivyo walivyokuwa baba mkubwa na gazeti lake. Alilinunua kila siku, na kila siku lilibaki limekunjwa vilevile.

Jahoda aliendelea kulitafuna jambo hili kwa miaka mingi, na katika maandishi yake ya 1982 alilifungua fundo. Alisema ajira inampa mtu mshahara, hilo kila mtu analijua, lakini chini ya mshahara kuna vitu vingine ambavyo mtu hupewa bila kuviomba. Kazi inaigawa siku, ikakuambia asubuhi ni nini na jioni ni nini. Inakukutanisha na watu wasio wa nyumbani kwako. Inakuingiza kwenye lengo ambalo peke yako usingelifikia. Inakupa jina mbele za watu. Na inakulazimisha kushughulika, hata siku usiyojisikia.

Ukivitazama vitu hivi unaelewa kwa nini mtu anaweza kulipwa pensheni yote, hadi senti ya mwisho, na bado akahisi ameibiwa. Pensheni inarudisha kimoja tu. Bahati mbaya mazungumzo yetu yote kuhusu kustaafu yamekwama kwenye hicho kimoja. Tumebishana kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, tangu 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii ilipounganishwa, na ubishi huo ni wa haki kabisa, maana mtu aliyefanya kazi miaka 35 ana haki ya kujua kiinua mgongo chake kitakuwa asilimia ngapi. Semina za wanaokaribia kustaafu nazo hufundisha ufugaji wa kuku, hatifungani, na namna ya kuwakwepa matapeli wanaonusa mafao. Vizuri. Lakini hakuna anayesimama mbele ya ukumbi na kuwauliza: baada ya hapa nani atakuwa anawahitaji siku ya Alhamisi?

Hapa lazima nikae sawa na watu wa mahubiri, maana nawaona wanavyojiandaa kusema pesa si kitu. Pesa ni kitu. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba nchini Marekani furaha ya siku hadi siku huacha kupanda kipato cha nyumba kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka, na maneno hayo yakazunguka dunia nzima yakiwafariji wasio na pesa. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akapata jibu lililopingana nao. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa chini na kuzipitia takwimu upya, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda na kipato. Wanaogota ni wale walio chini kabisa kwa furaha. Kwao pesa huondoa machungu hadi kiwango fulani, kisha yanabaki machungu ambayo pesa haiyafikii: kufiwa, kuvunjika kwa ndoa, upweke.

Kwa hiyo anayelala njaa akiambiwa atafute maana ya maisha kwanza, anatukanwa. Ninachosema ni kwamba pesa ina kazi yake, inaifanya vizuri, na haiwezi kufanyishwa kazi ya mwenzake.

Cheo nacho kina tabia yake. Tunakizoea. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya Illinois na kuwalinganisha na watu wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa zaidi, na vitu vidogo kama kupiga soga na rafiki au kula kifungua kinywa viliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Watu 22 ni wachache, na utafiti huo umebebeshwa mizigo mingi isiyo yake, lakini aliyewahi kupandishwa cheo ataitambua hali hiyo. Mwezi wa kwanza unaisoma barua mara tatu kwa siku. Mwezi wa sita unaulizia kwa nini wa ofisi ya jirani amepewa kiti cha ngozi.

Nadhani lugha yenyewe inatusaidia tukiisikiliza. Kupanda na kukua ni vitenzi viwili. Unapanda ngazi, na ngazi ukiondolewa umeshuka. Kukua hakuna wa kukushusha. Mtoto akiwa mrefu hata akikaa chini bado ni mrefu. Tatizo la vitabu na video nyingi za kujiendeleza ni kwamba zinauza kupanda kwa jina la kukua: amka saa kumi, soma kurasa kumi, tengeneza vyanzo saba vya kipato. Hayo yote yanaweza kuwa mema, na bado mtu akayafuata miaka kumi akabaki kimo kilekile, mwepesi wa hasira vilevile, asiyejua kuomba radhi vilevile.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani waliotumia miaka mingi kuchunguza kinachomsukuma mtu kutoka ndani, wanakitaja chakula cha aina tatu ambacho nafsi inakihitaji ili ikue: kuona kwamba unayoyafanya umeyaamua mwenyewe, kuona kwamba unaweza jambo na unaendelea kuliweza zaidi, na kuwa wa watu, yaani kuwajali na kujaliwa. Sifa na mshahara havimo kwenye orodha. Vinaweza kuja pamoja na hivyo vitatu, na ndiyo maana tunavichanganya. Baba mkubwa alipokuwa afisa mdogo wa stoo, akibuni mwenyewe namna ya kupanga leja, alikuwa anavila vyote vitatu. Alipokuwa mkuu wa kitengo, kwa maelezo yake mwenyewe, alishinda akitia saini makaratasi yaliyoamuliwa na wengine. Amepanda, amedhoofu.

Je, dawa ni kutafuta kazi unayoipenda, kazi ya wito? Utafiti uliofanywa Marekani na Amy Wrzesniewski na wenzake, uliotoka 1997, unaivuruga picha hiyo kidogo. Waliwauliza wafanyakazi kama kazi yao wanaiona kama riziki tu, kama ngazi ya kupandia, au kama wito. Tungetarajia daktari aseme wito na karani aseme riziki. Lakini kati ya makarani 24 waliokuwa wakifanya kazi za aina moja, walijigawa karibu sawa katika makundi yote matatu. Kazi moja, mishahara inayolingana, maana tofauti. Baadaye, mwaka 2001, Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu wafanya usafi wa hospitali: wapo waliosema wao wanapiga deki basi, na wapo waliojiona sehemu ya wanaouguza, wakizungumza na wagonjwa na kuangalia nani hakupata mgeni siku hiyo, mambo ambayo hayakuandikwa popote kwenye majukumu yao.

Nikifika hapa huwa nasita, kwa sababu kwetu neno wito limechezewa. Mwalimu akidai malimbikizo yake anaambiwa ualimu ni wito. Muuguzi akiuliza posho ya zamu ya usiku anaambiwa uuguzi ni wito. Wito wa namna hiyo unatamkwa na mlipaji kila anapotaka kulipa kidogo. Maana anayoipata mfanya usafi kwa kumjulia hali mgonjwa ni mali yake mwenyewe. Haiwezi kukatwa kwenye mshahara wake.

Kuna neno jingine tulilonalo, la zamani kidogo, ambalo naona linafaa kuliko wito. Katika ahadi za mwana-TANU kulikuwa na hii: cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Tuliikariri kama onyo dhidi ya rushwa, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini isikilize tena. Dhamana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Kina mwenyewe, na kina siku ya kurudishwa. Aliyekiona cheo kuwa dhamana tangu mwanzo, siku ya kukirudisha anapungukiwa na kazi, hapungukiwi na mtu.

Aliyeiandika ahadi hiyo kwa maisha yake anafaa kutazamwa, ingawa sitaki kumfanya mtakatifu. Julius Nyerere aliongoza nchi zaidi ya miaka ishirini, akang'atuka urais Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Siasa hakuiacha mara moja: uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990, na alipofariki Oktoba 1999 alikuwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya Burundi. Lakini angalia jina. Watanzania walikuwa na haki ya kumwita Rais Mstaafu, na kwenye hotuba rasmi walimwita hivyo. Kwa kawaida walimwita, na tunamwita hadi leo, Mwalimu: jina la kazi ndogo aliyojiuzulu kwenye shule ya Pugu mwaka 1955. Kwenye urais, kwenye shamba, kwenye kutafsiri tamthilia za Shakespeare, alikuwa anafanya jambo lilelile aliloanza nalo ubaoni. Urais ulikuja, ukapita katikati ya ualimu wake.

Wengi wetu hatuna uzi mmoja ulionyooka namna hiyo, na sidhani ni lazima. Mama mkubwa hakuwa na uzi. Alikuwa na nyuzi tano nyembamba: kikoba, misiba, cherehani, wajukuu, na ugomvi wa kudumu na jirani kuhusu mpaka wa shamba. Mmoja ukikatika, nne zinabeba. Baba mkubwa alikuwa na kamba moja nene, na ilikatwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Wanaume wa kizazi chake walilelewa hivyo. Kuhudhuria kikao cha mtaa, kubeba jeneza, kumfundisha kijana wa jirani kutunza hesabu za duka, yote waliyahesabu kuwa mambo ya baadaye, yakipatikana nafasi. Nafasi ilipopatikana hawakujua pa kuingilia, maana nyuzi hizo hufumwa taratibu, miaka mingi, na wanaokujua kwa sura.

Kwa baba mkubwa mlango ulifunguka kwa wizi. Jumuiya ya watumia maji ya pale ilipoteza koki na viungio vya mabomba, na kwenye kikao cha hadhara hakuna aliyeweza kusema vilikuwa vingapi hapo awali. Wakamfuata wakijua kazi aliyoifanya. Alikataa. Wakarudi, akakataa tena. Jioni ile alinung'unika mezani kwamba mtu aliyekuwa anasaini mikataba ya nchi nzima leo anaitwa ahesabu koki. Mama mkubwa akamuuliza, bila kuinua macho kwenye mboga alizokuwa anachambua, kama mikataba hiyo sasa hivi inamtafuta. Hakujibu. Kesho yake aliagiza leja mbili zenye jalada gumu.

Nilipita Mombo tena mwaka uliofuata. Kwenye ukuta wa kibanda cha pampu kulikuwa na namba ya simu imeandikwa kwa rangi ya bluu, na niliijua: ile ya kazini. Shati bado anapiga pasi. Alfajiri ya Alhamisi, kabla hakujapambazuka, iliita. Bomba lilikuwa limepasuka karibu na shule na maji yalikuwa yanaingia darasani. Nilimsikia akizunguka nyumba akitafuta buti za mvua, akilalamika kwamba watu wa hapa hawana adabu, wanapiga simu saa ambayo wastaarabu wamelala. Mama mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni na kanga yake, ufunguo umefungwa kwenye pindo. Alisema chai iko kwenye chupa, na kwamba buti ziko palepale alipoziacha juzi, nyuma ya jokofu.